Hodi Mia Nne na Kumi na Mbili

Mimi sina subira, na kazini wanalijua hilo. Wananiita Pilipili, wanadhani sijui. Kwa hiyo kama ulitaka hadithi ya mtu mpole aliyekaa kimya mpaka mambo yakajinyoosha yenyewe, umekosea mlango.

Kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta. Kampuni yetu ni ndogo, iko ghorofa ya pili juu ya duka la vioo, na tunachotengeneza ni mifumo ya kengele za hospitali. Mgonjwa akibonyeza kitufe kando ya kitanda chake, kule kwenye meza ya manesi taa yenye namba ya kitanda inawaka na mlio unalia. Ukisimuliwa hivyo unaona ni kazi ya dakika tano. Lakini kati ya kidole cha mgonjwa na ile taa kuna programu, na programu ya aina hii haiendi moja kwa moja toka juu hadi chini kama barua. Imekatwa vipande vipande, na kila kipande kimekaa kimya kinasubiri tukio lake. Kitufe kikibonyezwa, kipande cha kwanza kinaamka. Kikimaliza kinakiamsha cha kutafuta ni kitanda kipi, hicho nacho kinakiamsha cha kuwasha taa, na cha taa kinakiamsha cha kuandika kwenye kumbukumbu za mfumo kwamba kengele imefika mezani.

Kila kipande kikiamshwa kinapewa vitu viwili: kosa na habari. Kosa likiwa tupu, huko nyuma ni shwari, endelea na habari yako. Likiwa na kitu ndani, huko nyuma kumeharibika, simama hapo hapo na upige kelele. Ndiyo maana kila kipande lazima kianze kwa kuliangalia kosa. Kwetu hiyo ilikuwa mistari saba, ile ile, neno kwa neno, kwenye kila kipande, na ofisini tuliiita hodi.

Aliyeipa jina hilo ni mkuu wetu wa kitengo. Tukiwa peke yetu sisi tunamwita Kiranja. Sheria yake ilikuwa moja: kipande hakiingii kwenye mfumo bila hodi. Ukimpelekea kazi aikague, anashuka na kalamu yake kwenye skrini huku midomo inacheza, hodi, hodi, hodi, na akiziona zote anaandika chini, "Hodi ipo. Sawa." Basi, umepita. Kwenye kijitabu tunachowapa hospitali aliandika kwa herufi nene kwamba mfumo wetu una vituo mia nne na kumi na viwili vya kukagua makosa. Namba hiyo alikuwa akiitaja kwa wageni kama mtu anayetaja wajukuu.

Sasa nikuambie ukweli wa kazi. Hakuna mtu duniani anayekaa akaandika mistari saba ile ile mara mia nne. Unafungua kipande cha jirani, unanakili hodi yake, unabandika kwako, unaenda kunywa chai. Nilimwambia Kiranja miaka miwili mfululizo kwamba hodi iandikwe mara moja tu, mahali pamoja. Tuweke mlinzi mmoja mlangoni, kila kipande kipitie kwake. Kosa likija limkute yeye, na kipande kibaki na kazi yake peke yake. Akaniuliza kama nataka aende hospitalini akawaambie ukaguzi umeshuka kutoka mia nne na kumi na mbili hadi mmoja. Nikamjibu ndiyo, mmoja ambao kila mtu anausoma, badala ya mia nne ambazo hakuna anayezisoma. Akasema tatizo langu ni uvivu wa kuandika. Mimi, mvivu. Nilirudi kwenye kiti changu.

Halafu likaja la dada.

Naishi na dada yangu mkubwa. Yeye ndiye aliyenilea toka nikiwa darasa la tatu, mama alipofariki, na mpaka leo nikichelewa kurudi ananiuliza nilikuwa wapi kama vile bado nina begi la shule. Ni nesi. Ana miaka kumi na tisa kwenye wodi ya wanaume ya hospitali hiyo hiyo inayotumia kengele zetu. Jumatatu moja jioni nilirudi nikamkuta anapiga pasi sare yake, anaipiga na kuirudia, kola ile ile, na nilipomuuliza zamu yake ni ya saa ngapi akasema hana zamu. Amesimamishwa.

Alinieleza bila kuinua macho. Jumamosi mchana mgonjwa wa kitanda namba kumi na nne, mwalimu mstaafu, alibonyeza kengele kwa sababu alitaka kusaidiwa kwenda msalani. Hakuna aliyekuja. Akajaribu kushuka mwenyewe, akaanguka, akavunjika nyonga. Dada alikuwa mezani muda wote huo, hatua ishirini kutoka kitanda hicho, na anasema kengele haikulia wala taa haikuwaka. Lakini hospitali walifungua kumbukumbu za mfumo, zikaonyesha: kitanda kumi na nne, saa nane na dakika kumi na mbili, kengele imefika mezani. Kwa hiyo ama alikuwa amelala, ama alisikia akapuuza. Ijumaa saa nne asubuhi angekaa mbele ya kamati ya nidhamu, na kila mtu wodini alikuwa anajua uamuzi ni upi. Angefukuzwa, na jina lake lingepelekwa kwenye baraza la wauguzi ili asiguse mgonjwa tena popote.

Na mimi, mdogo wake niliyekula kwa mkono wake, unajua nilimwambia nini?

"Kumbukumbu hazidanganyi, dada. Labda ulipitiwa na usingizi kidogo."

Akaiweka pasi wima.  "Haya," akasema. "Kama wewe ndiye unayesema." Akachomoa waya wa pasi ukutani, akaikunja sare, akaenda chumbani.

Ile "haya" ilinikaa kooni usiku kucha. Dada yangu si mtu wa kukubali jambo kirahisi. Huyu ni mtu aliyewahi kubishana na mwalimu wangu wa hesabu mbele ya darasa zima mpaka mwalimu akarudia kusahihisha mtihani. Na sasa anasema haya.

Jumanne niliingia ofisini mapema, nikazifungua zile kumbukumbu mwenyewe. Kweli, mstari upo, saa nane na dakika kumi na mbili, imefika. Nikasoma wa juu yake, nikasoma wa chini yake. Nikaendelea kushuka, na kwenye dakika ya kumi na tatu nikakuta kijimstari ambacho hakuna mtu angekijali: bodi ya taa imerudi hewani. Nikakisoma tena. Imerudi. Imerudi kutoka wapi? Kitu hakirudi kama hakikuondoka. Ina maana dakika moja kabla, wakati mzee wa watu anabonyeza, bodi ya taa, ule ubao unaobeba taa na mlio wa mezani, ilikuwa imekatika mawasiliano. Basi kipande cha kuwasha taa lazima kilipewa kosa, na hodi yake ilipaswa kusimamisha kila kitu na kupiga king'ora cha akiba. Badala yake mfumo uliandika imefika, ukaendelea na shughuli zake.

Nikaenda kwa Kiranja. Aliniambia kampuni imeshawaandikia hospitali kwamba mfumo hauna hitilafu, kwamba kila kipande kina hodi, yeye mwenyewe alizihesabu. Akaongeza kwamba mtuhumiwa ni dada yangu, kwa hiyo mimi ndiye mtu wa mwisho anayepaswa kugusa jambo hili. Hapo alikuwa na hoja, na iliniuma zaidi kwa sababu alikuwa nayo. Lakini hakumpa mtu mwingine aangalie.

Nilikata shauri kuangalia mimi. Nilianza na kile kipande cha taa, nikaona hodi yake ipo, mistari saba, safi. Nikasema labda kosa limepotelea kipande kingine njiani. Nikaanza kusoma hodi moja baada ya nyingine. Nilipofika ya sitini macho yalikuwa yanateleza tu. Ya sabini sikuisoma, niliitambua kwa umbo lake na kuipita. Nikajishtukia. Kumbe na mimi nilikuwa nimeshika kalamu ya Kiranja.

Nikaona isiwe tabu. Kile alichonikataza miaka miwili, nakifanya leo, mchana kweupe, skrini yangu ikitazama chumba kizima na yeyote atakaye aje aone. Nilimwandika mlinzi wa mlangoni, mistari saba, mara moja. Halafu nikaiamuru kompyuta: popote utakapoikuta hodi, neno kwa neno kama ilivyo hapa, ing'oe, na hicho kipande ukipitishe kwa mlinzi. Ikiwa tofauti hata kwa neno moja, iache ilipo. Maana mtu huchoka kutazama vitu vinavyofanana. Kompyuta haichoki, na haina aibu ya kusema hiki si kile.

Ilichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya. Hodi mia nne na tisa ziling'oka. Tatu zilibaki.

Kwenye meza ya jirani yangu anakaa mtu tunayemwita Mkimya, ambaye kazi yake ni kujaribu programu kabla hazijatoka. Huyo kwa wiki anaweza kusema maneno kumi, na matano ni salamu. Aliviringisha kiti chake akaja kukaa pembeni yangu bila kuitwa.

Ya kwanza kati ya zile tatu ilikuwa na mstari wa ziada, mtu alijaribia kitu akasahau kuufuta. Ya pili mistari miwili ilikuwa imepishana nafasi, haina madhara. Ya tatu ilikuwa ile ya kipande cha taa, ile niliyoitazama asubuhi nikaiona safi. Niliikodolea macho mara tano bila kuona kitu. Mkimya ndiye aliyenyoosha kidole akagusa neno moja.

Kipande cha taa kimekaa ndani ya kipande kingine. Cha nje kina kosa lake, cha ndani kina la kwake, linaitwa kosa la pili ili yasichanganyike. Aliyeandika alinakili hodi ya nje akaibandika ndani, akasahau kubadili. Kwa hiyo hodi ya ndani ilikuwa inaliangalia kosa la kwanza, ambalo limeshaangaliwa, limeshaonekana tupu. Kosa la pili, la bodi ya taa, halikuangaliwa na mtu. Hodi ilikuwa inapigwa kwenye mlango uliofunguliwa zamani, na ule uliofungwa hakuna aliyeugusa.

Sasa, kwetu kila mstari unabeba jina la aliyeuandika na tarehe. Ukibonyeza pembeni linatokea. Nikabonyeza.

Lilikuwa jina langu. Siku ya Jumatano, miaka miwili iliyopita. Na chini yake: "Hodi ipo. Sawa."

Sitajifanya malaika. Wazo la kwanza lililonijia halikuwa la dada wala la mzee wa kitanda kumi na nne. Lilikuwa kwamba nikiufuta mstari huu sasa hivi, hakuna atakayejua ila Mkimya, naye si msemaji. Nilikuwa nimeshaweka kidole kwenye kitufe. Kisha nikaikumbuka ile "haya," nikaona aibu mpaka nikatamani kujizaba kofi. Nilikuwa nimemwambia dada yangu alilala. Aliyelala ni mimi.

Mkimya alilisoma jina, akainuka. Aliondoka akarudi amebeba wodi ya mbao. Hiyo ni ubao mpana kama meza ndogo, una vitufe ishirini, taa ishirini, spika moja na kioo kidogo cha kuonyesha kumbukumbu. Tunaitumia kujaribia. Akaniambia nichomoe waya wa bodi ya taa. Nikachomoa. Akabonyeza kumi na nne kwenye programu ya zamani. Kimya. Hakuna taa, hakuna mlio, na kwenye kioo pakaandikwa: kitanda 14, kengele imefika mezani. Nikaing'oa ile hodi mbovu na mbili zilizobaki kwa mkono, nikavipitisha vipande vyake kwa mlinzi, tukapakia programu hiyo mpya, akabonyeza tena. King'ora cha akiba kililia mpaka watu wa duka la vioo wakapiga dari kwa ufagio.

Kiranja alitoka ofisini kwake kwa sababu ya ile kelele. Nilimwonyesha kila kitu, pamoja na jina langu, pamoja na sahihi yake. Alisoma akiwa amesimama. Halafu akanivuta pembeni, karibu na dirisha.

"Rekebisha," akasema kwa sauti ya chini. "Itoke na toleo la mwezi huu, wiki tatu zijazo. Tutaandika kwamba mfumo umeboreshwa."

"Wiki tatu? Kuna watu wamelala pale sasa hivi wanabonyeza vitufe. Na dada yangu je?"

"Dada yako atapata hospitali nyingine."

"Hatapata. Wanampeleka barazani. Anafukuzwa kwa mstari wangu."

"Ni wako, ndiyo. Kwa hiyo ukisimama pale Ijumaa, wa kwanza kutoka hapa ni wewe."

Nikamwambia, "Chini ya mstari wangu kuna sahihi yako. Tutabanana mlangoni."

Maneno hayo niliyasema vizuri sana. Nilipofika nyumbani yakaniishia. Jumatano ile na Alhamisi yake nilizunguka jikoni nikiosha vikombe vilivyo safi, nikitafuta pa kuanzia. Dada alikuwa mezani anaandika kitu, na nikikaribia anafunika karatasi kwa kiganja. Nikajidanganya kwamba ni afadhali asikie kwanza kule, kukiwa na ushahidi. Ukweli ni kwamba niliogopa uso wake. Mbele ya kamati niliweza kusema. Jikoni nilishindwa.

Ijumaa asubuhi nilimfuata Mkimya tubebe wodi ya mbao. Sikuwa nimemwomba ruhusa mtu yeyote, na yeye hakuuliza kama ninayo. Tuliishika huku na huku, tukashuka ngazi, tukakatiza barabara, waya ukiburutika nyuma. Hospitalini mlinzi wa getini akatuuliza hicho ni nini. Nikamwambia ni wodi. Akaitazama, akatutazama, akatufungulia.

Chumba cha kamati kiko mwisho wa ukumbi, mlango umefungwa. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikupiga hodi. Niliusukuma mlango kwa goti tukaingia na ubao wetu.

Mwenyekiti alikuwa daktari mmoja mwenye miwani juu ya paji la uso. Pembeni yake muuguzi mkuu, mama mnene wa sauti nzito aliyeleta mashtaka yenyewe. Kiranja alikuwa amekaa upande wa pili, mwakilishi wa kampuni, ndiyo kwanza amemaliza kueleza habari za vituo mia nne na kumi na viwili. Na dada alikuwa peke yake kwenye kiti cha katikati, amevaa ile sare, kola imenyooka. Aliponiona akakunja uso kama nilivyokuwa nikikunjiwa nikiingia sebuleni na viatu vya matope.

Kiranja aliinuka akasema mimi sikualikwa. Nikamwambia mwenyekiti kwamba ni kweli sikualikwa, lakini mashine iliyotoa ushahidi nimeitengeneza mimi, naomba dakika tano, na baada ya hapo wanitoe wakitaka. Mwenyekiti akaishusha miwani kwenye pua. Akasema dakika tano.

Tukaweka ubao mezani, juu ya karatasi zao. Nikapakia programu ile ile inayotumika wodini, nikachomoa waya wa bodi ya taa wakiona. Nikamwomba muuguzi mkuu abonyeze namba kumi na nne. Akasita, akabonyeza.  Saa ya ukutani ilisikika.

"Umesikia kengele, mama?" nikamuuliza.

"Sijasikia kitu."

"Umeona taa?"

"Hakuna taa."

Nikamgeuzia kioo. Akasoma kwa sauti, polepole: "Kitanda kumi na nne. Kengele imefika mezani."

"Basi na wewe umelala," nikamwambia. "Ndivyo mashine ilivyoandika."

Hakukasirika. Alirudi kwenye kiti chake akakaa, mkono mdomoni. Mwenyekiti akauliza ni nani aliyeandika sehemu hiyo ya programu. Nilimwona Kiranja anatazama viatu vyake.

"Mimi," nikasema. "Nilinakili mistari saba nikasahau kubadili neno moja. Nesi huyu hakulala. Alikuwa mezani, na kengele haikulia, kama alivyowaambia toka siku ya kwanza."

Sikuthubutu kumwangalia dada. Nikaeleza yaliyobaki: kwamba Jumamosi ile bodi ya taa ilikatika na kurudi dakika moja baadaye, kwamba mistari hiyo ilinakiliwa mara mia nne na kumi na mbili, kwamba wingi wake ndio uliotufanya tuone kosa halipo, kwamba sasa imebaki mara moja mlangoni. Mkimya akapakia programu mpya na muuguzi mkuu akabonyeza tena, safari hii kwa nguvu. King'ora kikalia, na manesi watatu wakachungulia mlangoni na glavu mikononi. Mwenyekiti akasema programu hiyo iwekwe wodini leo, si wiki tatu. Kiranja akafungua mdomo. Mwenyekiti akamwambia leo. Kisha akalifunga jalada la dada, akamwomba radhi kwa jina lake la kazi, mbele ya watu wote, na kumwambia arudi zamu yake.

Nje ukumbini nilidhani atanikumbatia. Ndivyo nilivyokuwa nimejipangia kichwani. Dada alisimama mbele yangu akaingiza mkono kwenye mfuko wa sare, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Soma," akasema.

Ilikuwa barua kwa kamati, kwa mwandiko wake wa kujipinda. Alikuwa ameiandika ile Alhamisi, nikiwa naosha vikombe. Aliandika kwamba hakumbuki kulala, lakini inawezekana alilala bila kujua, kwa sababu mdogo wake ndiye aliyetengeneza mashine na amesema kumbukumbu hazidanganyi, na mdogo wake hajawahi kumdanganya. Aliandika kwamba anakubali kosa na anamwomba mwalimu wa kitanda kumi na nne amsamehe. Sahihi yake ilikuwa chini.

"Ningewapa mwanzoni kabisa," akasema. "Yule wa kwenu ndiye aliyeanza kuongea, akachelewesha."

Nililia pale pale, katikati ya watu wanaosukuma vitanda. Nikamwambia nisamehe dada. Nikamwambia nilijua toka Jumanne na nikaogopa. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akanifuta pua kwa leso yake kwa nguvu, kama zamani, mpaka ikauma.

"Siku nne nilijiona mwendawazimu," akasema. "Nilikuwa najua nilikuwa macho, na nikaacha kujua. Kaibandike hiyo pale unapokaa kazini." Akaingia wodini, na nilimsikia akiuliza kwa ukali ni nani aliyetandika kitanda cha sita vibaya hivi.

Jioni ile Kiranja alinipigia simu akasema nisije Jumatatu. Nikamwambia aandike, na aandike sababu, kwa mkono wake, na aweke sahihi kama anavyoweka siku zote. Jumatatu nilikuja. Nilikaa kwenye kiti changu, nikafungua kompyuta, nikachukua gundi. Mkimya aliniazima rula ili niinyooshe.

Barua ya dada iko pale ukutani mpaka leo, juu ya skrini. Vijana wapya wakija wakauliza hodi zimekwenda wapi, nawaambia wasome hiyo kwanza, halafu tutaongea. Kiranja hupita hapo kila asubuhi na kalamu yake, na bado hajaniandikia kitu. Siku akitaka kuibandua, naye alete sababu kwa maandishi.